Mji wa Gede: Mahali Pake, Mali Yake na Watu Wake

Ni desturi ya chama chetu kwamba, baada ya hesabu ya fedha na hesabu ya wanachama, taarifa ya mwaka iwe na kurasa chache za mambo ya kale, ili vijana wetu wasije wakadhani kuwa dunia ilianza siku waliyozaliwa wao. Mwaka huu tumechagua Gede, mji wa pwani uliokuwa mdogo kwa eneo na mkubwa kwa mali. Mtunza hazina wetu hupenda kutukumbusha kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Hatujui mahali panapothibitisha methali hiyo kuliko Gede.

Magofu ya Gede yapo upande wa kusini wa Malindi, mwendo wa kilomita 16 hivi, karibu na njia iendayo Mombasa. Mji haukujengwa ufuoni. Umekaa ndani kidogo, juu ya mwinuko wa mwamba wa matumbawe, na hori ya Mida haiko mbali nao. Kwa nyuma yake umetanda msitu wa Arabuko-Sokoke. Basi mkaaji wa Gede alikuwa na bahari upande mmoja na msitu upande wa pili. Hori ilimpa samaki na miti ya mikoko, mwamba ulimpa mawe na chokaa, na bara ilikuwa njia ya pembe za ndovu. Kitu kimoja tu alipaswa kukitafuta kwa jasho, nacho ni maji matamu, kwani hapana mto wala chemchemi. Kila tone lilitoka kisimani.

Mji ulikuwapo kabla ya karne ya 14, na mwandiko mmoja juu ya kaburi umehifadhi mwaka wake: 802 wa Hijria, yaani 1399. Ustawi wake mkubwa ulikuwa katika karne ya 15. Wakati huo Msikiti Mkuu ulijengwa upya, na ukuta wa nje, wenye urefu wa kama futi 9 kwenda juu, ulizunguka ekari 45 hivi. Mwenye shamba miongoni mwetu atafahamu mara moja kuwa eneo hilo si kubwa. Mtu mzima aweza kulivuka kwa miguu kabla kahawa yake haijapoa.

Lakini tazama mlimokuwamo! Bwana James Kirkman, aliyechimba magofu hayo tangu 1948 hadi 1958, alikuta Jumba la mtawala lenye nyua na vyumba vingi, na kando yake nyumba za mawe zilizoshikana. Nyumba hizo zilipewa majina kwa vitu vilivyookotwa ndani yake: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Simbi, Nyumba ya Fedha za China. Vilipatikana vyombo vya kauri kutoka China na shanga za Venice. Vyumba vilikuwa virefu na vyembamba, kwa sababu upana wa chumba haukuweza kuzidi urefu wa boriti la mkoko lililobeba dari. Palikuwa na vyoo na mahali pa kuogea ndani ya nyumba, na mashimo ya kumeza maji ya mvua. Tusione haya kusema kwamba yako makazi ya leo katika miji yetu ambayo hayajafikia usafi huo.

Sasa twauliza: ni nani walioishi humo? Wataalamu hukadiria kuwa watu wa Gede walifika 2,500 au zaidi. Walikuwa Waswahili na Waislamu, wenye ufinyanzi wao, misikiti yao na desturi zao za pwani, wakifanya biashara na wageni waliokuja na pepo za kaskazi na kurudi na kusi. Lakini hesabu ile yataka kuangaliwa vizuri. Nyumba za mawe tunazozistaajabia ni chache, nazo haziwezi kubeba watu wote hao. Wengi wao waliishi katika nyumba za udongo na makuti. Udongo ule umerudi kuwa udongo, na makuti yamekwisha zamani. Mwenye nyumba ya mawe ameacha ukuta wake, choo chake na mkasi wake. Mvuvi, mfinyanzi, mkata boriti na mama aliyeteka maji alfajiri hawakuacha hata kizingiti. Wao ndio waliokuwa mji, lakini mgeni azuruye leo huona nyumba za matajiri tu, akadhani amewaona watu wote wa Gede.

Zaidi ya ukuta wa nje, uko ukuta wa ndani uliojengwa baadaye, katika karne ya 16. Huo wazunguka ekari 18 hivi tu, ambamo mna Msikiti Mkuu, Jumba na nyumba kubwa. Sisi twausoma ukuta huo kama ukurasa wa hesabu: mji uliohitaji ekari 45 sasa unajilinda kwa ekari 18. Mji ukijikunja hivyo, fahamu kwamba watu wake wameanza kupungua.

Yaliyouangusha hayakuwa jambo moja. Mwaka 1498 Vasco da Gama alifika Malindi, na tangu hapo biashara ya bahari iliingia mikononi mwa Wareno kidogo kidogo. Mwaka 1589 Wazimba walipanda kutoka kusini, wakaiharibu Mombasa, na mwishowe wakashindwa mbele ya Malindi kwa msaada wa Wasegeju. Mwaka 1593 Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu, na mtawala wa Malindi akahamia Mombasa. Ufalme ulipohama, miji iliyokuwa jirani ya Malindi ilibaki bila mlinzi. Kutoka kaskazini walishuka Waoromo, ambao wazee wetu waliwaita Wagalla. Tena visima vya mji vina dalili ya kuchimbwa kwenda chini zaidi, kana kwamba maji yalikuwa yakiwakimbia wachotaji. Mapema katika karne ya 17 Gede ilikuwa imeachwa, na msitu ukaingia majumbani kama mwenyeji anayerudi kwake.

Wala msiba mkubwa kwetu si kuachwa kwake, kwani miji mingi ya pwani imeachwa. Msiba ni kwamba mji huu umeachwa bila kumbukumbu. Pate ina habari ya wafalme wake iliyoandikwa. Gede haina. Wareno walikaa Malindi miaka mingi, mwendo wa saa chache tu kutoka hapo, wala katika maandishi yao Gede haitajwi waziwazi. Hata jina tunalolitumia yasemekana ni neno la Kioromo, maana yake kitu cha thamani, na wengine hudhani kuwa mji uliitwa Kilimani. Basi mji wenye fedha za China ndani ya nyumba zake hatuna hakika uliitwaje na watoto wake wenyewe. Mwaka 2024 shirika la UNESCO liliiandika Gede katika orodha ya Urithi wa Dunia. Tunafurahi sana kwa heshima hiyo. Lakini dunia imeandika mawe, kwa kuwa majina hayakuwapo ya kuandikwa.

Wazee wetu na wanachama wapenzi, chama chetu hakina kauri wala Jumba. Tunayo daftari ya ada, ambamo jina la mwanachama huingia alipapo na kutoka akomapo kulipa. Hiyo haitoshi. Kamati imekubali kufungua daftari la pili, nalo halina ada. Humo kila mwanachama aandikishe majina ya wazazi na babu zake, kijiji alikotoka, kisima walichoteka, na kazi ya mikono waliyoifanya. Asiyejua kuandika asiogope. Aje kwa katibu aseme, naye ataandika. Mjane wa mwanachama na aje vilevile, wala asiulizwe risiti. Wapo kati yetu wazee ambao wakiondoka leo, kijiji kizima kitaondoka pamoja nao.

Watu wa Gede walijenga ukuta mara mbili ili kuilinda mali yao, na ukuta ungaliko hata leo. Sisi hatuna uwezo wa kujenga ukuta. Uwezo wetu ni wa kalamu na wino. Na tuutumie ungali wakati.