Yakuti Samawi ya Kalalani na Mwanga Mweupe wa Leza: Historia ya Madini Yenye Njia Mbili

Kata ya Kalalani, Wilaya ya Korogwe, iko kaskazini ya milima ya Usambara, jirani na machimbo ya vito ya Bonde la Umba. Mwaka 1999 A. V. Seifert na Jaroslav Hyršl walichapisha katika jarida la Gems & Gemology maelezo ya yakuti samawi na garneti za mahali hapo. Mwaka huohuo Ahmed Zewail, mzaliwa wa Misri, alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa kuchunguza mageuzi ya molekuli kwa mapigo ya leza yenye kudumu femtosekunde chache. Matukio hayo mawili hayakuhusiana. Hata hivyo, yakuti samawi inayochimbwa Kalalani na ile inayotumika katika maabara za leza za aina hiyo ni madini yaleyale: oksidi ya alumini iliyoganda kuwa fuwele. Swali la kihistoria ni kwa nini njia zake zilitengana.

Miamba ya Korogwe na Handeni ni sehemu ya Ukanda wa Msumbiji, ambao ulibadilishwa na joto na mgandamizo mkubwa miaka ipatayo milioni 600 iliyopita. Garneti ni madini ya kawaida katika miamba ya namna hiyo; yakuti samawi huhitaji mazingira ya nadra zaidi. Huko Kalalani, mishipa ya pegmatiti ilipenya katika mwamba wa sapentini ulio na upungufu wa silika. Pegmatiti ikapoteza silika yake kwa mwamba huo, na alumini iliyobaki bila mwenzi ikaungana na oksijeni. Chuma, kromiamu na vanadiamu vilivyokuwamo vikazitia fuwele hizo rangi nyingi zilizoipatia Umba sifa katika masoko ya vito.

Maabara zilihitaji kinyume chake. Tangu mwanzoni mwa karne ya 20 Auguste Verneuil, mkemia wa Ufaransa, alikwisha kuonesha namna ya kukuza yakuti kwa mwali wa moto. Leza ya kwanza, iliyowashwa na Theodore Maiman huko California tarehe 16 Mei 1960, ilitumia yakuti nyekundu ya kutengenezwa. Mwaka 1970 Robert Alfano na Stanley Shapiro walipitisha mapigo ya mwanga wa kijani, ya nanomita 530, katika vioo na fuwele angavu. Rangi moja iliingia. Ukatoka mwanga mweupe ulioenea kutoka nanomita 400 hadi 700.

Kiini cha jambo hilo ni kwamba mwanga mkali mno huibadilisha hali ya kitu unamopita. Kadiri ukali unavyoongezeka, fuwele huichelewesha zaidi mikunjo ya wimbi. Kwa kuwa ukali wa pigo hupanda kisha hushuka, mawimbi ya sehemu ya mbele hurefuka kuelekea wekundu, na ya sehemu ya nyuma hufupika kuelekea ubuluu. Nguvu ikivuka kiwango fulani, mwanga hujikusanya wenyewe kana kwamba umepita katika lenzi, na mtawanyiko wa rangi huongezeka ghafla. Katika kipande cha yakuti samawi chenye unene wa milimita chache, pigo lenye nishati ya takribani mikrojuli moja hutosha. Ajabu ni kwamba leza iliyolifanya jambo hili kuwa la kila siku, iliyobuniwa na Peter Moulton mwaka 1982, nayo ilitokana na yakuti samawi, iliyotiwa titani.

Ni rahisi, basi, kudhani kwamba vito vya Tanga vingeweza kuingia katika soko hilo. Hoja hiyo haina msingi wa kifizikia. Chuma kinachoipa yakuti ya Kalalani rangi hufyonza sehemu ya mwanga ambao mtafiti anautafuta, na nyufa pamoja na chembe ngeni ndani ya jiwe hutawanya miale na kuwa chanzo cha kuungua. Kasoro hizohizo ndizo humsaidia mtaalamu wa vito kutambua asili ya jiwe.

Mkasa wa garneti unafanana na huo, ila una kejeli zaidi. Husimuliwa kwamba katika miaka ya 1960 wachimbaji wa Umba, waliokuwa wakitafuta garneti ya rodolaiti, waliyatenga mawe ya rangi ya chungwa na waridi yasiyolingana na aina iliyojulikana, wakayaita “malaya”. Tusi hilo limebaki kuwa jina la biashara duniani kote, na wauzaji wengi wa ng’ambo hulitamka bila kujua maana yake. Maabara za leza nazo zina garneti yao, ya itriamu na alumini, ambayo hustahimili mapigo vizuri na huzalisha mwanga mpana hadi ndani ya infraredi. Inaitwa garneti kwa sababu ya mpangilio wa atomu zake tu; silika haimo, na hukuzwa katika tanuru. Kipande chake huagizwa kwa unene na ung’aavu wa nyuso, ilhali jiwe la Umba hupimwa kwa karati na kushikwa juani ili mnunuzi aone rangi.