Matembezi ya Klabu (Tabora na Njia ya Misafara)

Matembezi ya klabu ni mwendo wa miguu wa pamoja, kwa ajili ya afya na burudani, unaoandaliwa na kikundi chenye viongozi, siku maalumu na njia inayofahamika, bila mshindi. Ujerumani na majirani zake waliunganisha vyama vyao vya matembezi mwaka 1968. Nchini Tanzania shughuli hiyo imejificha ndani ya klabu za jogingi, na anayetafuta klabu ya kutembea tu huenda akazunguka bure. Watu husema jogingi ni ya vijana wenye pumzi. Hoja hiyo inasahau mkia wa msafara: nyuma ya wakimbiaji huwapo wazee, akina mama na wanaopona maradhi, wanaotembea kwa mwendo wao na kufika. Mbele yupo anayeanzisha wimbo wa mchakamchaka, wengine wanaitikia, na wimbo ndio unaoshika hatua.

Kwa Tabora utaratibu huo si mgeni hata kidogo. Katika karne ya 19 mji huu, ambao wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke waliufikia Novemba 1857 ukiitwa Kaze, ulikuwa njiapanda ya misafara: kutoka Bagamoyo kupitia Ugogo, kisha magharibi kwenda Ujiji au kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba mizigo ya takribani frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, wakiondoka alfajiri na kupiga kambi kabla jua halijawa kali. Kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, alitangulia na ngoma na mapambo yake, na aliyethubutu kumpita alitozwa faini. Kwenda pamoja, kuimba na kutomwacha mgonjwa porini ikiwezekana kulikuwa ujuzi wa kazi, na reli ilipofika Tabora mwaka 1912 ndiyo iliyouondolea soko. Klabu ya leo imeurithi ujuzi huo, mzigo ukiwa umetuliwa.

Kwa anayetaka kuitembea njia ya misafara yenyewe lipo pingamizi zito zaidi: njia hiyo ilipitisha pia watumwa, hivyo kuitembea kwa starehe ni kukanyaga makaburi. Uchungu huo ni wa kweli na haufai kupuuzwa. Lakini njia hiyo hiyo ilikuwa ya wapagazi waliofanya kazi kwa ujira na kujivunia safari zao, na kuiacha iote majani hakumheshimu yeyote kati yao. Kinachofaa ni kutembea kwa kujua: bila maigizo ya minyororo, na kwa kusimama Kwihara, nje kidogo ya mji, kwenye tembe ambamo Livingstone alisubiri wapagazi mwaka 1872 hadi alipoondoka Agosti. Historia inayosomwa kwa miguu hukaa kichwani.

Kujiunga hakuna ugumu. Klabu za michezo husajiliwa kwa mujibu wa sheria ya Baraza la Michezo la Taifa ya 1967, kwa hiyo pa kuanzia ni kwa afisa michezo wa halmashauri. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, akiwa Makamu wa Rais, aliagiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi. Siku hiyo vikundi huonekana barabarani na ni rahisi kuvifikia. Muulize katibu mambo matatu: ada, urefu wa njia, na nani anabaki nyuma na wanaochoka. Klabu isiyo na jibu la swali la tatu haijawa tayari kupokea watembeaji. Septemba na Oktoba joto la Tabora ni kali, basi maji yabebwe na safari ianze alfajiri.

Njia ya kati ya misafara, Kwihara ikiwamo, imo tangu 2006 katika orodha ya awali ya urithi wa dunia ambayo Tanzania imeiwasilisha UNESCO. Klabu za Tabora ziifanye barabara ya Kwihara kuwa matembezi yao ya kila mwezi, na halmashauri iwawekee watembeaji vibao na maji njiani.