Majina ya Mwanzo na Hofu ya Uluguru

Tuseme wanafunzi wa Morogoro wanatayarisha filamu ya kutisha juu ya mumiani, wale wanaosemekana kunyonya watu damu. Majina ya mwanzo yatokeeje? Wengi watasema: fuvu, ukungu wa Uluguru na herufi zinazochuruzika damu. Hiyo, wenzangu, ni fani isiyo na maudhui. Eti milima yenyewe ndiyo mchawi!

Mwaka 1960 Saul Bass aliyapanga majina ya Psycho kwa mistari tu, inayoingia na kuyakatakata. Hakuna kisu wala tone la damu, lakini mtazamaji roho juu.

Uluguru nayo ina mistari yake. Miaka ya 1950 serikali ya Mwingereza iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi kuzuia mmomonyoko. Mwaka 1955 watu walikataa, Matombo kukazuka ghasia, risasi ya polisi ikaua mtu, na mpango ukaachwa. Uvumi wa mumiani nao ulishamiri chini ya utawala huohuo: aliyechukua jasho la mtu angeshindwa nini kuchukua damu yake?

Basi yaanze matuta, moja baada ya jingine, yakikata jina la filamu. Hofu ipewe historia yake kwanza. Mchawi atafuata, kama bado anahitajika.