Karatasi za Safari

Mwezi wa Februari 1887 meli iitwayo Madura iling'oa nanga Unguja ikiwa na watu zaidi ya mia sita wa Pwani, walioandikwa kazi ya upagazi na Henry Morton Stanley. Walizungushwa baharini kupitia Rasi ya Tumaini Jema, wakateremshwa kwenye mlango wa mto Kongo, na kutoka huko wakapanda mto, kisha wakatembea kwa miguu kuuvuka msitu wa Ituri kumtafuta Emin Pasha. Waliorudi Unguja hawakufika nusu ya waliokwenda. Wengine waliuawa na njaa, wengine na mishale, wengine na homa na madonda.

Watu hawa hawakunyakuliwa njiani. Waliandikwa majina, wakapewa sehemu ya mshahara mbele, kama ilivyokuwa desturi ya misafara. Fedha hiyo ya mbele ndiyo iliyokuwa matayarisho yao yote: kulipa deni, kuachia nyumbani posho, kununua shuka, na kwa baadhi yao kustarehe siku mbili tatu kabla ya kupanda chombo. Miongoni mwao walikuwamo watumwa, na sehemu ya ujira wa mtumwa ilikwenda kwa bwana wake aliyebaki mjini. Daftari la majina lilikuwa la mwajiri. Mpagazi yeye alikuwa na kumbukumbu yake na mashahidi wake, na mashahidi wenyewe walikuwa ndani ya meli hiyo hiyo.

Naanza na habari hizi kwa sababu kila nisomapo juu ya watu wetu kwenda kutafuta kazi ng'ambo, naona mambo mawili yakifuatana kama mtu na kivuli chake: mtu ataandikwa, na karatasi aliyoandikwa itakuwa na mwenyewe. Mwenyewe ni nani, hapo ndipo pa kutazama.

Hati tunayoiita pasipoti, kitabu kidogo chenye picha na mihuri, si ya kale kama tunavyodhani. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza mtu aliweza kuzunguka sehemu kubwa ya Ulaya bila kuulizwa hati. Ni mwaka 1920, katika mkutano uliofanyika Paris chini ya Shirikisho la Mataifa, ndipo mataifa yalipopatana juu ya umbo la kitabu hicho na kurasa zake 32. Lakini wakati mkubwa wa Ulaya akifundishwa kubeba kitabu mfukoni, kijana wa Kenya alikuwa tayari anafungiwa karatasi shingoni.

Hicho ndicho kipande. Sheria yake ilitungwa 1915, ikaanza kutumika vita vilipokwisha. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alitakiwa kuwa nacho: jina, kabila, alama za vidole, jina la mwajiri, mshahara, siku ya kuanza kazi na siku ya kuacha. Kiliwekwa ndani ya kijaluba cha chuma, na wazee waliokivaa walikifananisha na kengele ya mbuzi. Ubaya wake haukuwa katika uzito wa chuma. Ubaya ulikuwa katika ile nafasi ya siku ya kuacha kazi. Mwajiri asipotia saini hapo, mfanyakazi hakuweza kuandikwa mahali pengine. Akiondoka hivyo hivyo, ni mtoro, na mtoro hutafutwa na polisi. Karatasi ilikuwa shingoni mwa mmoja, na kalamu mkononi mwa mwingine. Harry Thuku na wenzake walipopiga kelele Nairobi miaka ya 1921 na 1922, kipande kilikuwa miongoni mwa mambo makubwa waliyoyalalamikia. Hakikuondolewa mpaka baada ya Vita vya Pili.

Upande wa Tanganyika neno ni hilo hilo lakini kitu ni kingine. Kipande cha mkonge kilikuwa kadi ya siku thelathini za kazi. Ukimaliza ngwe yako, siku inahesabiwa. Usipoimaliza, siku hiyo haipo, hata kama jua limekuchoma tangu asubuhi. Zikitimia thelathini ndipo ulipwe. Babu yangu mzaa mama aliijua hesabu hiyo vizuri kuliko hesabu ya umri wake. Alikuwa Mrundi. Alivuka mpaka kutoka Urundi ya Wabelgiji kwa miguu, akaandikishwa upande huu, akapimwa na daktari, akapewa blanketi na namba. Kutokana na namba hiyo ndipo watu wote wa aina yake walipoitwa manamba. Wenye mashamba walianzisha ofisi yao ya kuandika watu, SILABU, mwaka 1944, na kuanzia hapo kazi ya kukusanya wafanyakazi ikawa na kambi zake, malori yake na makarani wake.

Bibi alikuwa akisimulia kwamba babu hakuwahi kusomewa mkataba wake kwa Kirundi. Alisomewa kwa Kiswahili, lugha ambayo wakati huo alikuwa anajua maneno ya kuombea maji tu, kisha akaelekezwa mahali pa kubandika kidole gumba. Matayarisho yake ya safari yalikuwa unga, upinde alionyang'anywa kambini, na ahadi kwa mama yake kwamba atarudi na ng'ombe wawili. Alizikwa Muheza.

Wanyakyusa wao walielekea kusini, kwenye machimbo ya dhahabu ya Johannesburg, kupitia chama cha kuandika wafanyakazi kilichojulikana kwa jina la Wenela. Serikali ya Afrika Kusini ilikuwa imekataza tangu 1913 kuandika watu wa nchi za joto, kwa kuwa walikufa mno kwa kichomi. Katika miaka ya 1930 mlango ukafunguliwa tena. Tanganyika ilipopata uhuru 1961 serikali mpya ilikata uhusiano huo. Naliona lilikuwa jambo la haki, ingawa walioumia kwanza ni familia za Rungwe zilizokuwa zikingoja fedha.

Ziko pia safari ambazo karatasi yake haikuandikwa na mtu. Baada ya 1970, Sultan Qaboos aliposhika utawala na kuwaita Waomani waliokuwa nje warudi, watu wengi wa Unguja na Pemba walikwenda Maskati kutafuta maisha. Hati yao ya kwanza ilikuwa ukoo: jina la kabila la babu, na mzee wa kuthibitisha kwamba ndivyo. Mwenye nasaba alipata uraia. Asiyekuwa nayo, hata kama Kiarabu chake kilikuwa kizuri, alibaki mgeni mwenye kudhaminiwa.

Na huyo mgeni mwenye kudhaminiwa ndiye anayenihusu sasa. Binti wa dada yangu alipata kazi ya nyumbani huko Maskati. Aliniletea karatasi zake nizitazame: pasipoti, cheti cha kuzaliwa, majibu ya hospitali, na mkataba wa Kiarabu na Kiingereza.

"Mjomba, wakala anasema ni maneno ya kawaida. Nitie saini tu, ndege haingoji."

Nikamwambia babu yako naye aliambiwa lori haliingoji. Tukakaa kitako jioni mbili na kijana wa jirani anayejua Kiarabu. Tulikuta mshahara umeandikwa, siku ya mapumziko imeandikwa, lakini mahali pa kueleza nani atakaa na pasipoti palikuwa pametupu. Wakala alipoulizwa alisema huko desturi ni mwenye nyumba kuitunza, "kwa usalama wake". Oman ilikwisha kutoa waraka 2006 wa kukataza waajiri kuzuia pasipoti za wafanyakazi, na Mkataba wa 189 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa 2011, unasema mfanyakazi wa nyumbani ana haki ya kukaa na hati zake mwenyewe. Nilimweleza hayo. Aliniuliza kama mwenye nyumba atakuwa ameyasoma.

Sikuwa na jibu la swali hilo, nikarudi kwenye yale yaliyo mikononi mwetu. Tulitoa nakala tatu za kila karatasi: moja kwa mama yake, moja kwangu, moja ameishonea ndani ya upindo wa mkoba. Namba ya pasipoti ameikariri, na namba ya simu ya ubalozi pia. Dada yangu, ambaye hakusoma, naye amezikariri zote mbili. Huzitaja akifua, tarakimu moja moja, na akikosea huanza upya.