Chuma cha vitumbua

Juzi Bagamoyo, kwa muuza vyombo vya mtumba, niliokota duara zito jeusi lenye mashimo saba: sita pembeni, moja katikati. "Cha kukaangia mayai hicho, kaka," akasema muuzaji. Mama mmoja aliyekuwa akichagua sufuria akaangua kicheko. "Mayai gani, mwanangu? Hicho chuma cha vitumbua!" Akatia kidole gumba shimoni. Shimo la yai lingekuwa bapa. Hili kitako chake kimeviringwa, ili kitumbua kikishika rangi chini kigeuzwe kwa kijiti bila kukwama.

Nililipenda jina. Chombo kimeitwa kwa kile kilichokiunda, basi. Ukibisha hodi alfajiri, uji wa mchele na tui umeshaumuka, ukasema "niazime chuma", jirani haulizi chuma gani. Siku hizi vipo vya alumini, vyepesi, na bado ni "chuma". Hapo jina limeshaachana na madini.

Hiki kilikuwa chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa kikamiminwa kwenye kalibu. Kusubu ni kitenzi kizuri, tunakitumia kwa uchache mno. Wadenmark nao wana chombo cha namna hii kwa æbleskiver zao, na Wahindi wa kusini kwa paniyaram.

"Unakichukua?" mama akaniuliza. Nikasita kidogo, nikihesabu noti. Nilipoinua macho, chuma kilikuwa kapuni mwake.