Gurudumu la Tano

Mshikaji wangu mmoja ana gari dogo la Kijapani, rimu zake zinang'aa kama meno ya dhahabu. Juzi tulifungua buti kutafuta jeki, tukaliona tairi la spea: rimu ya chuma, nyeusi, ina vumbi na kutu pembeni. Akacheka, akasema eti hiyo ni ya aibu, haitoki nje mpaka giza liingie. Mimi sikucheka. Nina deni langu kwa rimu ya chuma, na leo nataka kulilipa hapa mbele yenu, wasomaji na waandishi wenzangu. Ila tuanze mbali kidogo.

Magari ya mwanzo hayakubeba gurudumu la akiba kabisa. Dereva akipata pancha, na pancha zilikuwa nyingi maana barabara zilijaa misumari ya viatu vya farasi, aliketi kando ya njia, akang'oa tairi huku gurudumu lenyewe bado liko garini, akatoa tyubu, akaziba, akapiga pampu mpaka jasho limtoke. Mwaka 1904, katika mji wa Llanelli kule Wales, ndugu wawili, Walter na Tom Davies, wakaleta dawa yake: ringi ya chuma isiyo na spoki, yenye tairi lililokwisha kujazwa upepo. Unaibana ubavuni mwa gurudumu lenye pancha, unaondoka zako. Karakana yao ilikuwa mtaa uitwao Stepney Street, na kitu kile kikapewa jina la Stepney. Mpaka leo India, Bangladesh na hata Malta, tairi la spea ni stepney, na wengi wanaolitamka hawajui kama wanataja mtaa wa Wales. Fikiria, mtaa mmoja umeingia katika vinywa vya mamilioni bila kuandika shairi hata moja! Wangapi kati yetu tutapata bahati hiyo?

Enzi zile magurudumu mengi yalikuwa ya mbao, yenye spoki nene kama za mkokoteni. Ford Model T, iliyoanza kutengenezwa 1908, ilitembea juu ya mbao. Miaka hiyo hiyo kampuni ya Kiingereza ya Joseph Sankey na Wanawe ilikuwa inatengeneza gurudumu la bati la chuma lililofinyangwa kwa mashine na kuchomelewa, na ambalo unaweza kulifungua lote na kufunga lingine. Hapo ndipo spea kama tuijuavyo ilipozaliwa. Chuma kilikuwa rahisi, kigumu, na hakikuwa na maringo.

Maringo yalikuja 1924. Ettore Bugatti, Mtaliani aliyefungua kiwanda Molsheim huko Ufaransa, alipeleka magari yake mapya ya Type 35 kwenye mashindano ya Lyon mwezi wa Agosti. Yalikuwa na magurudumu ya alumini ya kumiminwa, spoki nane bapa, na ngoma ya breki imeunganishwa humo humo. Siku hiyo tairi zilimwangusha, ushindi ukaenda kwa Alfa Romeo. Lakini nani anakumbuka? Watu wanalikumbuka gurudumu. Na si uzuri tu, kulikuwa na akili ndani yake: gurudumu jepesi likiruka kwenye tuta hurudi chini upesi, halibaki hewani likicheza, kwa hiyo gari linashika barabara. Mwaka 1966 Porsche 911S ikatoka na rimu za kampuni ya Fuchs, za alumini ya kufuliwa, zenye umbo la ua la petali tano. Baada ya hapo, kidogo kidogo, kitu cha wanamichezo kikawa kitu cha bishoo. Nyingi ya hizi spoti rimu za mjini ni pana na nzito, wepesi haumo tena. Zilizobaki ni sura.

Sasa mbona gurudumu la tano limebaki chuma? Jibu la kwanza ni bei. Kwa nini ununue pambo la kulifungia ndani ya buti? La pili ni tabia ya madini yenyewe. Chuma kikiingia shimoni hujikunja, fundi anakipiga nyundo, maisha yanaendelea. Alumini ya kumiminwa ikipigwa sana hupasuka. Na sisi wa pwani tunalo letu la ziada: alumini na chuma vikikaa pamoja kwenye chumvi huliana, rimu ikagandamana na kitovu, ukaipiga mateke kama mwendawazimu isitoke.

Kwetu Tanzania rimu hizi ziliingia na mitumba. Baada ya vita vya Uganda vya 1978 na 1979 nchi ilikauka, spea ilikuwa hadithi. Mwaka 1984 serikali ikaruhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni bila kuulizwa walizipata wapi, na magari yaliyotumika yakaanza kumiminika kutoka Dubai na Japani. Baba yangu alipata lake mwaka 1995, la Kijerumani, akalifanya teksi. Mwaka uliofuata akanunua rimu nne za alumini. Alikuwa mtu wa kofia na shati lililopigwa pasi, na abiria, alisema, huchagua gari kwa macho. Rimu za chuma akamwuzia mwenzake wa kijiweni, akabakiza moja ya spea. Na bolti zake zote akampa yule mwenzake.

Hizo bolti ndizo kisa chenyewe. Magari mengi ya Kijerumani hayana nati, yana bolti zinazopenya gurudumu na kuingia kwenye kitovu. Rimu ya alumini ni nene, inataka bolti ndefu. Rimu ya chuma ni nyembamba, inataka fupi. Ukifunga chuma kwa bolti ndefu, ncha zinatokeza nyuma na kugusa vyuma vya breki. Baba hakulijua hilo. Au alilijua akalisahau.

Februari 1998, mvua za El Niño zimeitafuna barabara, tukapata habari kwamba bibi, mama yake Baba, amefariki Muheza. Mazishi kesho saa nne asubuhi. Tukaondoka Dar saa mbili usiku, Baba, Mama, mimi na mdogo wangu. Tulipita Chalinze salama. Kabla ya Mkata, kwenye saa sita, gurudumu la nyuma likazama shimoni, nikasikia mlio kama wa sahani. Rimu ilikuwa imepasuka kutoka ukingoni mpaka kwenye spoki. Mimi nilishika tochi. Baba akafunga ile ya chuma, akakaza, tukasukuma gari. Kwaruu! Akafungua, akafunga tena. Kwaruu!

Lori likasimama. Nikampa dereva shikamoo, akashika bolti moja, akaipima kwa kidole, akasema, "Mzee, hizi ndefu. Za kwake fupi ziko wapi?" Baba hakumjibu. Akapanda naye mpaka Mkata kutafuta fundi. Sisi tukabaki ndani ya gari tukisikiliza vyura.

Kulipopambazuka alirudi mikono mitupu, fundi angekuja duka la vifaa likifunguliwa. Basi la kwanza la Tanga likatokea. Mama akamwambia, "Baba Hamisi, panda, nenda ukamzike mama yako. Sisi Mungu yupo." Alisimama na mkono ameuinua nusu. Kondakta akaita. Baba akaushusha mkono, basi likapita. Hakutaka kutuacha porini, na tangu siku hiyo sijaweza kuamua kama ningefanya kama yeye.

Fundi alifika saa tatu na msumeno wa chuma, akakata bolti tano moja baada ya nyingine, huku Baba akizishikilia kwa koleo. Tulifika Muheza adhuhuri, juu ya alumini tatu na chuma moja. Watu walikuwa wamesharudi makaburini, wanakula. Baba alikwenda moja kwa moja kaburini, peke yake, na udongo ulikuwa bado mbichi.

Rimu zile za alumini aliziuza kama chakavu Gerezani, nadhani siku hizi ni sufuria za mtu. Akanunua nne za chuma za mtumba, akazipaka rangi ya fedha. Abiria hawakupungua. Ile ya spea ilibaki kwetu hata gari lilipouzwa mwaka 2004, na Baba akaipeleka Muheza kwenye shule aliyosoma. Imening'inizwa kwenye mwembe mbele ya ofisi ya mwalimu mkuu. Mwaka jana nilipita pale saa ya kuingia darasani, mtoto wa zamu akaigonga kwa kipande cha nondo.