Ufunguo Usio na Meno

Juma lililopita nilikuwa Dar es Salaam kwa mpwa wangu, anayekaa kwenye ghorofa huko Upanga. Mlango mkubwa wa chini hauna tundu la ufunguo. Mpwa wangu alitoa kidude cha plastiki, mfano wa kifungo cha koti, akakigusisha ukutani, taa ya kijani ikawaka, tukaingia. "Hapa, mjomba, mwizi haingii," akaniambia.

Mawazo yangu yakarudi Ufipa. Sisi wa huko tuna mji ambao jina lake lenyewe ni amri ya mlangoni. Sumbawanga, wazee hueleza, ni kusema "tupa uchawi": mgeni karibu, lakini vya gizani viache nje. Ni geti la neno tu, linalolindwa na macho ya wenyeji.

Macho hayo nimeyaonja. Ujanani nilipanga chumba mjini hapo, katika nyumba yenye ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na mlango mmoja wa mbele. Saa nne usiku mama mwenye nyumba alitia komeo. Ukichelewa, uligonga ukitetemeka kwa baridi ya Juni mpaka nyumba nzima iamke. Mwezi mmoja kodi ilinishinda. Nikarudi jioni, nikakuta kufuli jipya mlangoni pangu, kubwa kama ngumi. Aibu ilioje! Lakini kufuli huonekana, na majirani walikuwa wamekwisha kuliona. Fundi cherehani wa chumba cha pili akamwendea mama, mjumbe wa nyumba kumi akaitwa, na kabla ya saa mbili usiku nilikuwa nimepewa juma moja la kutafuta fedha.

Turudi kwenye kidude. Si kitu cha juzi kama vijana wanavyodhani. Mwaka 1973, yaani mwaka mmoja kabla ya kuanzishwa Mkoa wa Rukwa, Mmarekani Charles Walton alipewa hati ya kulinda uvumbuzi wake wa kufungua mlango kwa mawimbi ya redio. Naam, redio, ndugu yake hiki chombo kinachonileta kwenu. Vidude vingi vya milango havina betri: hupata nguvu kwenye kile kisanduku cha ukutani, kisha hujibu kwa kutaja namba. Namba ikiwamo kwenye orodha, mlango hufunguka. Vile vya bei nafuu hutaja namba ileile kila mara, na mwenye kifaa huinakili kwa dakika chache. Basi hilo la mwizi mpwa wangu alilisema haraka mno.

Ila mwizi siye aliyeninyima usingizi. Namba hufutwa kwenye kompyuta kimya kimya, na hakuna fundi cherehani atakayeiona imefutwa. Tena mfumo waweza kuandika kila saa uliyoingia. Mama mwenye nyumba naye alizijua saa zangu, lakini nami nilimjua yeye. Tangu 2023 inatumika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, nayo humpa mtu haki ya kujua taarifa zake zinatumiwa kwa kazi gani. Sharti kwanza ujue wa kumwuliza.

Nilimwuliza mpwa wangu orodha ile iko kwa nani.

"Kwa kampuni, mjomba."

Kampuni gani? Hakujua. Tukapanda ngazi hadi kwake, milango yote imefungwa. Nikauliza jina la jirani wa mlango wa pili. Nalo hakulijua.